Daftari kwanza, ruta baadaye: tulivyohamia IPv6 chuoni kwetu

Mapema mwaka 2023 wanafunzi wa bweni la juu waliniletea malalamiko niliyokuwa nimeyasikia hadi nikayazoea. Jioni wakifungua tovuti fulani wanatakiwa wathibitishe kuwa wao si roboti. Wakithibitisha, wanaulizwa tena. Wengine walifungiwa kabisa. Kosa halikuwa lao. Chuo kizima, simu na kompyuta zaidi ya mia nane, kilikuwa kinatoka nje kwa anwani moja tu ya IPv4, ule mfumo wa zamani wa namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Ukiwa upande wa pili, huoni watu mia nane. Unaona mtu mmoja anayebofya kwa kasi ya ajabu, na akiharibu mmoja wanaadhibiwa wote.

Mimi ni fundi wa mtandao katika chuo cha ufundi hapa Tanga, nikisaidiwa na kijana mmoja wa maabara. Kwanza nilifanya kile ambacho kila mtu angefanya: nilimwomba mtoa huduma wetu anwani za ziada. Zilikuwepo, ila kila moja kwa ada ya kila mwezi. Sikushangaa. Anwani ya IPv4 ina biti 32, kwa hiyo duniani kote hazizidi takriban bilioni 4.3. Ghala kuu lilikauka tarehe 3 Februari 2011, IANA, msimamizi mkuu wa anwani duniani, ilipogawa mafungu ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda. AFRINIC, shirika la kanda yetu lenye makao Mauritius, lilibaki na akiba kwa muda mrefu kuliko wenzake, lakini tangu Januari 2020 limekuwa likigawa kwa kubana: mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mkupuo. Kitu kilichoadimika hivyo hakiwezi kuwa rahisi.

Dawa ya uhaba huo ni IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi mno, na yenyewe si ngeni. Maelezo yake, waraka wa kiufundi uitwao RFC 2460, yalitoka Desemba 1998, wakati wengi wetu hatujagusa kompyuta. Kilichonichelewesha ni woga, na woga huo ulikuwa na msingi: chuo kina mitihani, kina ofisi ya fedha, kina maktaba, na mtandao ukizima siku moja tu kila mtu anajua mlango wangu ulipo. Kwa hiyo nilijiwekea sharti. Sitagusa ruta hata moja mpaka mpango wote uwe kwenye daftari. Nilinunua kaunta buku, nikaanza.

Kurasa za kwanza zilikuwa za kuhesabu vitu. Mimi na kijana tulipita jengo kwa jengo, utawala, maktaba, karakana, mabweni, tukiandika kila kifaa, umri wake, na kama kinaijua IPv6. Siku ya pili tu tuligundua jambo lililonipa hofu zaidi ya lile la anwani. Kompyuta zilikuwa tayari zinazungumza IPv6 zenyewe kwa zenyewe! Windows imekuja na IPv6 ikiwa imewashwa tangu Vista, na kila kompyuta ilikuwa na anwani yake inayoanza na fe80, inayofanya kazi ndani ya mtandao mdogo ule ule. Faiwoli yetu, yaani mlinzi anayeamua kipi kipite mtandaoni, haikuwa na hata kanuni moja inayohusu trafiki hiyo. Miaka yote nilipokuwa nikisema "sisi hatujaanza IPv6", ilikuwa imo ndani, haina mlinzi.

Kisha tukafika maktaba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmekuja kuhesabu na zangu?"

Nilimweleza mkutubi tunachopanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelisoma popote. "Sasa baba, hizo anwani zikibadilika, majarida yangu yatafunguka?"

"Majarida yapi, mama?"

"Haya ya wachapishaji wa nje. Hatutumii nywila sisi. Wanatutambua kwa namba ya chuo." Akainuka, akashusha faili la bluu kutoka juu ya kabati, akafungua mkataba na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Pale, kwa chapa, kulikuwa na ile anwani yetu moja ya IPv4. Mchapishaji akiona mtu anatoka kwenye anwani hiyo, anamfungulia. Akitoka kwingine, anamdai malipo. Maana yake, siku nitakayowasha IPv6, tovuti ya mchapishaji inayopokea itifaki zote mbili ingewaona wanafunzi wetu kama wageni, na mlango ungefungwa bila mtu yeyote kujua kwa nini. Nilikaa naye asubuhi nzima. Tuliorodhesha wachapishaji wote, na kwa kila mmoja nikaangalia kama jina la tovuti yake lina rekodi ya AAAA, ambayo ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba huko kunafikika kwa IPv6. Wasio nayo hawakuwa tatizo, kwani kwao tungeendelea kwenda kwa IPv4 kama zamani. Walio nayo tuliwaandikia mapema. Mmoja fomu yake ilikuwa na visanduku vinne vya namba tu, haiwezi kupokea anwani mpya. Huyo tukamshughulikia kwenye seva yetu ya majina, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ikawa haitoi rekodi ya AAAA ya tovuti yake. Ukiniuliza ni nani aliyeokoa mpango huu, nitakutajia yule mama.

Mkuu wa chuo aliniita kuuliza gharama. Nilimwambia ukweli: anwani zenyewe mtoa huduma hazitozi, tunachohitaji ni swichi mbili mpya na muda. Akaidhinisha swichi. Kuhusu muda alisema niwe nimemaliza kabla ya mitihani ya Novemba.

Nikarudi kwa mtoa huduma na barua. Simu ya kwanza niliahidiwa fungu la /64, yaani mtandao mdogo mmoja, na aliyenijibu alinihakikishia kuwa ndani yake mna anwani kuliko tutakazowahi kuzihitaji. Ni kweli kwa hesabu, lakini si kweli kwa kazi. Kifaa kinachojitengenezea anwani chenyewe kinahitaji mtandao wenye upana wa /64 kamili, kwa hiyo fungu hilo lisingeweza kugawanywa. Ofisi ya fedha, mabweni na wageni wangelala chumba kimoja. Niliandika nikiomba /48, fungu kubwa linalogawanyika katika mitandao mingi ya /64, nikaeleza majengo na matumizi, na baada ya wiki kadhaa tukapewa. Anayeanza leo nisingependa aikubali /64. Ni ngumu sana kurudi nyuma baadaye.

Hapo ndipo nilipopambana na tabia yangu mwenyewe. Mpango wangu wa kwanza wa anwani niliuchora kibahili, nikijaza mitandao 0, 1, 2, 3 kwa kufuatana, nisipoteze hata mmoja. Ndivyo IPv4 ilivyonilea: kila anwani ilikuwa kama tone la maji wakati wa kiangazi. Kijana ndiye aliyeniuliza, "Kaka, tunayo mitandao 65,536. Tunamwekea nani?" Nikachana ukurasa.

Mpango wa pili ulianza na swali jingine: fundi akiamshwa usiku, anwani imwambie nini? Katika /48, kundi la nne la anwani ni letu, tarakimu nne tunazozipanga tutakavyo. Tarakimu ya kwanza tukaipa jengo, ya pili matumizi, mbili za mwisho ghorofa na chumba. Nikitumia fungu lililotengwa duniani kwa ajili ya mifano, mtandao wa 2001:db8:10:2310::/64 unasomeka hivi: 2 ni maktaba, 3 ni waifai ya wanafunzi, 1 ni ghorofa ya kwanza, 0 ni ukumbi wote. Utawala ni 1, karakana 3, mabweni 4 hadi 6. Nafasi nyingi zimebaki tupu, na utupu huo ndio ulionirahisishia faiwoli, kwa sababu kanuni moja inatosha kwa jengo zima. Siku hizi kijana anaisoma anwani kwa macho na kukuambia mlango wa kugonga.

Tulianza na maabara moja mwezi wa sita, IPv4 na IPv6 zikienda sambamba. Nilitaka kugawa anwani kwa DHCPv6, yaani seva inayokipa kila kifaa anwani yake, ili nibaki na kumbukumbu ya nani alikuwa na anwani gani. Kompyuta zilipokea vizuri. Simu za Android hazikupata kitu. Tulibadilisha swichi, tukabadilisha kebo, kabla ya kuelewa kwamba Android ilikuwa haichukui anwani kwa DHCPv6. Ilikuwa inasubiri tangazo la ruta na kujitungia yenyewe. Na mabwenini karibu kila mtu ana Android. Nikaachana na wazo langu. Ruta inatangaza mtandao pamoja na seva ya majina, vifaa vinajitungia, na kumbukumbu tunaichota kwenye jedwali la majirani la ruta, orodha ya vifaa inavyoviona, kila baada ya dakika chache. Zile swichi mbili mpya zilikuwa kwa ajili ya hilo hilo la matangazo, kwani za zamani hazikuweza kuzuia ruta bandia. Mwanafunzi mmoja akiwasha kugawa intaneti kwenye kompyuta yake anaweza kuvuta bweni zima lipitie kwake bila hata kukusudia.

Faiwoli niliiandika upya kwa mkono. Kwa IPv4, NAT, ile mbinu ya vifaa vyote kutoka nje kwa anwani moja, ilikuwa imetuficha miaka yote na tulikuwa tumeichukulia kama ulinzi. Kwa IPv6 kila kifaa kina anwani inayofikika kutoka popote duniani, ikiwemo printa ya mhasibu. Kanuni ya kwanza kwa hiyo ikawa: kinachoanzishwa kutoka ndani kiruhusiwe na majibu yake, kinachoanzishwa kutoka nje kizuiwe, ila seva tulizozitaja kwa jina. Nilijaribu kutoka kwenye seva ndogo ninayoikodi nje ya nchi, nikibisha hodi kwenye ile printa. Kimya. Nikalala kwa amani usiku ule.

Amani haikudumu. Mwezi wa tisa tuliwasha mabweni, na siku ya tatu wanafunzi wakaanza kuja. Mfumo wa kukusanya kazi, ambao seva yake iko nje ya chuo, ulikuwa unafunguka, wanaingia, wanasoma maswali, lakini wakipakia kazi zao mstari unasimama hapo hapo. Wakitumia bando la simu, inapita. Siku ya mwisho ya kukusanya ilikuwa kesho yake. Binti mmoja wa umeme alisimama mbele yangu na kompyuta mpakato mikononi, mstari wa kupakia umeganda, na sikuwa na jibu la kumpa.

Jioni nilizima IPv6 mabwenini ili wakusanye, kisha nikabaki maabara. Nilituma pakiti za ping, vifurushi vya data vya kubisha hodi na kusubiri jibu, nikiongeza ukubwa kidogo kidogo. Baiti 1,432 zilipita. 1,433 hazikurudi. Nilirudia mara tano, mstari ni ule ule. Ukijumlisha vichwa vya pakiti unapata 1,480, na hapo nikaelewa. Njia ya mtoa huduma ilikuwa na upana wa baiti 1,480 wakati kompyuta zetu zinatuma 1,500. Kwenye IPv6 ruta za njiani hazikati pakiti vipande. Zinamrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6, lugha ya ruta ya kutoa taarifa za hitilafu, aina ya 2, kwamba pakiti ni kubwa mno, apunguze. Ujumbe huo ulikuwa unarudi kwa uaminifu, na faiwoli yangu ilikuwa inautupa. Nilikuwa nimeruhusu ping tu na kuzuia ICMPv6 nyingine zote zinazopita, tabia niliyoibeba kutoka IPv4. Pakiti za kuanzisha mawasiliano ni ndogo, ndiyo maana kila kitu kilionekana kizima mpaka mtu apakie faili. Niliongeza mstari mmoja. Ilikuwa saa saba usiku. Nikapakia faili la majaribio la megabaiti 20, likaenda bila kusita.

Kwenye daftari, ukurasa wa usiku ule, nimeandika kwa wino mwekundu: *usizuie ICMPv6 aina ya 2*. Chini yake nimeandika pia jina la binti yule na saa aliyokusanya kazi yake, kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika kwamba hakupoteza alama.

Mengine yalikuwa madogo. Mfumo wa kuingia waifai ulihifadhi anwani kwenye safu ya herufi 15, kipimo kinachotosha IPv4 ndefu kuliko zote, na IPv6 inaweza kufika 39, kwa hiyo kumbukumbu zilikuwa zinakatwa katikati. Tukapanua hadi 45. Ile anwani ya zamani ya chuo tuliikuta imeandikwa ndani ya programu tatu tofauti, na zote tukazirekebisha.

Novemba mitihani ilianza na mtandao ukiwa unapumua. Jioni, wanafunzi wakiwa YouTube na WhatsApp, mstari wa IPv6 kwenye grafu ya ruta unakuwa juu ya ule wa IPv4, na yale malalamiko ya roboti bweni la juu hayajarudi. IPv4 bado tunayo, na tutakuwa nayo kwa muda. Mashine ya alama za vidole pale getini haiijui IPv6 na mtengenezaji wake hana sasisho, kwa hiyo nimeiwekea mtandao wake yenyewe, wa IPv4 tu, usiotoka nje. Mkutubi ananiuliza kila mwezi kama kuna mchapishaji mpya aliyeongeza rekodi ya AAAA. Tunaangalia pamoja, faili la bluu likiwa mezani. Sasa kwenye ule mkataba, chini ya anwani ya zamani, kuna mstari wa pili alioutia saini yeye.