Nyuzi za Besi Zinapopanda Msimu wa Mvua

Miaka kadhaa iliyopita, kwa msimu mzima wa mvua, niliamini kwamba mkono wangu wa kushoto umedhoofika. Noti ambazo mwezi mmoja nyuma nilikuwa nikizipata kwa wepesi, hasa zile za juu zinazochezwa karibu na mwili wa besi yangu ya kusimama, ile ala kubwa ya mti yenye umbo la fidla na nyuzi nne, zilinilazimu kukandamiza kwa nguvu hadi ncha za vidole zikaanza kuchubuka, na baada ya saa moja ya mazoezi kiganja kilikuwa kikiuma kuanzia kwenye shina la kidole gumba. Niliongeza mazoezi ya vidole, nikapunguza kasi, nikabadili namna ya kusimama. Haikunipitia akilini kuchukua rula na kupima nafasi iliyopo kati ya nyuzi na ubao wa vidole. Nilipokuja kuipima, uzi wa G, ulio mwembamba kuliko yote, ulikuwa milimita 8 juu ya mwisho wa ubao na uzi wa E, ulio mnene kuliko yote, ulikuwa milimita 12, ilhali fundi aliyeniandalia besi hiyo wakati wa kiangazi alikuwa ameiacha kwenye milimita 6 na 9. Kumbe mti ulikuwa umekunywa maji ya hewani, na mkono ndio uliokuwa ukilipa.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiifuatilia besi yangu ya kusimama mwaka baada ya mwaka, kwa rula, kipima unyevu na daftari, na ninaandika haya kwa ajili ya wachezaji ambao, kama mimi wakati ule, huenda wanatafuta ndani ya miili yao kosa ambalo liko kwenye hewa ya chumba.

Besi iliyochongwa kwa mbao halisi huwa, kwa desturi, na ubao wa mbele wa sprusi, ubao wa nyuma, mbavu (yaani kuta za pembeni) na shingo za mepo, na ubao wa vidole wa eboni. Mti wa aina yoyote hupokea na kutoa unyevu bila kukoma, hata ukiwa umekatwa miaka 200 iliyopita. Vanishi hupunguza kasi ya unyevu kupita lakini haiuzuii, na tena upande wa ndani wa ala kwa kawaida haupakwi vanishi. Unyevu unapoingia mti hutanuka, lakini hautanuki sawasawa kila upande: kwa kufuata urefu wa nyuzinyuzi zake hubadilika kidogo mno, ilhali kwa kuzikatiza, yaani kwa upana, hubadilika kiasi cha kuonekana kwa macho. Ubao wa mbele wa besi una upana wa sentimita 65 hivi katika sehemu yake ya chini. Unyevu linganishi wa chumba, yaani mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule mwingi kabisa ambao hewa ya joto hilo inaweza kubeba, ukihama kutoka asilimia 30 hadi asilimia 65 na kubaki hapo, maji yaliyomo ndani ya sprusi hupanda kutoka karibu asilimia 6 ya uzito wa mti mkavu hadi karibu asilimia 12, na ubao wa upana huo, kama ungekuwa huru juu ya meza, ungetanuka kwa milimita 5 au zaidi. Lakini hauko huru, kwa kuwa kingo zake zimegandishwa kwenye mbavu pande zote. Ukikosa pa kwenda pembeni, hupanda juu katikati, mahali palepale ambapo limesimama daraja, kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi, na daraja linapoinuka huinuka pamoja na nyuzi zote nne.

Hewa inapokauka mambo hugeuka. Mbinuko wa ubao hushuka, daraja hushuka, na nyuzi husogelea ubao wa vidole. Mwanzoni mchezaji hufurahi, kwa maana mkono wa kushoto hupata raha ambayo haijawahi kuonekana. Kisha noti kadhaa, aghalabu kwenye uzi wa E au A zinapochezwa kwa nguvu, huanza kutoa mkwaruzo kwa sababu uzi unapotetemeka hugonga ubao. Wengi hudhani uzi umechakaa wakanunua mwingine. Sauti nayo hubadilika: kwa sikio langu besi iliyojaa unyevu hujibu polepole na hutoa sauti iliyofunikwa, na ile iliyokauka hujibu upesi lakini huwa nyembamba, hasa chini, mahali ambapo tunaitegemea zaidi.

Jambo ambalo nilichelewa sana kulielewa ni kwamba ukavu hauna uhusiano wa moja kwa moja na joto la nje. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, wakati ambapo nje kuna theluji na ukungu, ndani ya nyumba huwa kukavu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa sababu hewa baridi hubeba maji machache. Chukua hewa ya nyuzi 0 za selsiasi yenye unyevu linganishi wa asilimia 80. Ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 20 bila kuiongezea maji, unyevu wake linganishi utashuka hadi asilimia 21 hivi. Hiyo ni hewa ya kupasua mbao. Katika nchi za joto kiyoyozi kinaweza kufanya kazi inayofanana na hiyo, kwa kuwa mvuke hugeuka maji kwenye mabomba yake ya baridi na kutiririka nje, hata chumba kikawa na hewa ya aina moja wakati veranda ina ya aina nyingine kabisa. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia kwamba anajua hali ya hewa ya chumba chake kwa kuangalia dirishani. Kipima unyevu kidogo kilichowekwa karibu na besi, mbali na ukuta wa nje na mbali na jua, humaliza ubishi. Mafundi wengi hupendekeza kuiweka ala kati ya asilimia 40 na 60. Mimi huridhika ikikaa kati ya 45 na 55, na huanza kuchukua hatua inapovuka mipaka hiyo kwa siku tatu mfululizo. Nasema siku kwa makusudi, kwa kuwa mti haufuati kila mvua ya jioni. Nyuzi zangu huanza kusogea baada ya siku mbili au tatu za hewa mpya, na huchukua wiki kadhaa kutulia kwenye kimo cha msimu.

Hapo ndipo panapohitajika magurudumu ya daraja. Besi nyingi za siku hizi zina daraja ambalo miguu yake imekatwa na kuwekewa skrubu zenye magurudumu madogo ya alumini, shaba nyeupe au mti mgumu, na mchezaji anaweza kuinua au kushusha daraja yeye mwenyewe. Kabla ya hapo, na hata leo kwa wale wasiopenda kukata daraja, njia ilikuwa kumiliki madaraja mawili, la msimu wa unyevu likiwa fupi na la msimu wa ukavu likiwa refu, na kumwendea fundi mara mbili kwa mwaka ayabadilishe. Nimecheza besi ya aina hiyo na sauti yake ilikuwa nzuri sana, lakini kwa mtu anayecheza kila wiki katika vyumba tofauti, siwezi kumshauri aishi bila magurudumu.

Kuyazungusha kunataka uangalifu. Mzunguko mmoja hubadilisha kimo kwa milimita moja au kidogo zaidi, kutegemea meno ya skrubu, kwa hiyo robo ya mzunguko hutosha kwa kuanzia. Kabla ya kuinua daraja mimi hulegeza nyuzi kidogo, kwa sababu nyuzi nne za chuma zikikazwa huvuta kwa jumla ya zaidi ya kilo 100, na kulazimisha gurudumu kupanda chini ya mzigo huo huharibu meno ya skrubu au huifinya miguu ya daraja. Kisha huzungusha pande zote mbili kwa kiasi kilekile, robo huku na robo kule, na kukaza nyuzi tena polepole huku nikilitazama daraja kwa ubavuni, kwani nyuzi zinapokazwa hulivuta kichwa kuelekea kwenye ubao wa vidole, na daraja lililoachwa limeinama hujikunja kadiri miezi inavyopita hadi likafaa kutupwa tu. Uso wake unaotazama nyuma, upande wa nyuzi fupi za chini, unapaswa kusimama wima juu ya ubao wa mbele. Ikiwa skrubu imefunguliwa kiasi kwamba nusu ya urefu wake iko wazi, daraja limefikia mwisho wa uwezo wake na limekuwa fupi kwa msimu huo. Kuendelea kuifungua ni kulifanya litikisike.

Katika daftari huandika mambo machache tu: tarehe, unyevu, kimo cha uzi wa G na cha uzi wa E mwishoni mwa ubao wa vidole, na idadi ya robo za mzunguko nilizoongeza au kupunguza. Baada ya mwaka wa kwanza nilikuwa tayari najua kwamba besi yangu huhitaji mzunguko mmoja na nusu kutoka kilele cha ukavu hadi kilele cha unyevu, na tangu wakati huo sijawahi tena kushangazwa na mkono wangu.

Ukavu, hata hivyo, una hatari ambayo magurudumu hayaiondoi. Mbao zinaposinyaa zikiwa zimeshikwa kingo, kitu lazima kiachie. Kwa hekima ambayo siachi kuistaajabia, mafundi wa ala za jamii hii hugandisha ubao wa mbele kwenye mbavu kwa gundi ya ngozi ya wanyama iliyochanganywa na maji zaidi ili iwe dhaifu kuliko mti wenyewe. Mvutano ukizidi, kiungo hufunguka na mti hubaki mzima. Kiungo kilichofunguka huleta mlio wa kutetema ambao ni rahisi kuudhania ni uzi au skrubu iliyolegea. Mimi huutafuta kwa kugonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote wa besi, mbele na nyuma, nikisikiliza mahali ambapo sauti imara hugeuka kuwa ya kupwaya. Fundi hulifunga pengo kama hilo kwa muda mfupi kwa gundi ileile. Niliwahi kupeleka besi yangu kwa fundi mmoja ambaye, kwa nia njema nadhani, alitumia gundi nyeupe ya useremala ili kiungo “kisifunguke tena kamwe”. Hakikufunguka. Kiangazi kilichofuata ubao wa mbele ulipasuka kando ya kiungo hicho kwa urefu wa kiganja, na ukarabati wake ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kwanza. Tafadhali mwulize fundi ni gundi gani anatumia kabla hajaanza.

Kuhusu kuongeza unyevu, mirija yenye sponji inayoning’inizwa ndani ya matundu ya sauti husaidia, mradi ikamuliwe na kupanguswa vizuri kabla ya kuingizwa, kwa maana tone moja la maji likikaa juu ya mti mtupu wa ndani hufanya madhara yaleyale tunayoyakimbia. Binafsi napendelea kuunyeshea unyevu chumba kizima kwa mashine ya mvuke, kwa sababu mrija hunywesha ala kwa ndani tu huku nje kukibaki kukavu, na pia kwa sababu mrija husahaulika ukakauka.

Upinde nao una majira yake. Manyoya ya farasi hurefuka katika unyevu na kufupika katika ukavu, hivyo upinde ambao haukulegezwa baada ya kucheza huweza kujikaza wenyewe usiku kucha hewa inapokauka, na kichwa chake ndicho huvunjika. Ulimbo wa besi unaopakwa kwenye manyoya hayo, ambao ni laini kuliko wa fidla, hunata kupita kiasi kwenye joto na huwa mgumu kwenye baridi. Wachezaji wengi huwa na vipande viwili.

Wenye besi za plaiwudi watakuwa wamesoma haya yote kwa utulivu. Tabaka zao nyembamba zimegandishwa kwa kupishana, nyuzinyuzi za moja zikizuia za nyingine kutanuka, na kwa hiyo nyuzi zao husogea kidogo tu na mbao zao ni nadra kupasuka. Kwa mtu anayesafiri na besi kati ya hewa mbalimbali naiona kuwa chaguo la busara, ingawa hata hizo zina shingo na ubao wa vidole vya mti mzima, vinavyoendelea kuitikia majira.

Imebaki nguzo ya sauti, kile kijiti cha sprusi kilichosimama ndani, nyuma kidogo ya mguu wa daraja wa upande wa uzi wa G. Haijagandishwa, inashikiliwa kwa kubanwa tu kati ya ubao wa mbele na wa nyuma. Kwa kuwa nyuzinyuzi zake zimesimama wima, urefu wake hubadilika kidogo mno, lakini kimo cha mwili unaoizunguka hubadilika: katika ukavu mwili hupungua na nguzo hubana kupita kiasi, na katika unyevu mwili hukua na nguzo hulegea. Mimi siigusi, hiyo ni kazi ya fundi. Ninachofanya ni kuhakikisha kwamba ninapobadilisha nyuzi msimu wa mvua naondoa uzi mmoja, naufunga mpya na kuuvuta hadi karibu na sauti yake, ndipo nigusapo wa pili, kwa maana ukiondoa nyuzi zote nne kwa pamoja hakuna tena uzito wa kuishikilia nguzo iliyolegea. Ukisikia kitu kikianguka na kubiringika ndani ya mwili, usijaribu kukaza wala kucheza. Legeza nyuzi zote papo hapo, kwa sababu ubao wa mbele umebaki peke yake chini ya mzigo wa daraja, kisha mpelekee fundi ala ikiwa imelegezwa hivyohivyo.