Lichess nzima ndani ya laptopu yangu, hapa Kondele, Kisumu

Naandika haya usiku, kabla hatua hazijanitoka kichwani.

Kila Jumamosi watoto sita huja kucheza sataranji sebuleni kwangu. Ubao ni mmoja, kwa hiyo wanne wanaosubiri hucheza Lichess, tovuti ya sataranji ya bure, kwenye simu mpaka bando liishe. Wale wakubwa kati yao walianza kuniuliza mchezo unakaa wapi, nani anahesabu saa, nani anajua hatua fulani hairuhusiwi. Nilitaka niwaonyeshe, si kuwasimulia tu. Na hilo linawezekana, maana Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ni programu huria. Msimbo wake uko wazi kwa leseni ya AGPL, yaani hata mtu wa Kondele ana haki ya kuuchukua, kuuendesha na kuubadilisha.

Mara ya kwanza nilijaribu kusakinisha kila kitu kwa mkono. Sikufika. Lichess si programu moja: kuna seva kuu inayoitwa lila, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Scala; kuna lila-ws inayoshika mawasiliano ya papo kwa papo; kuna Redis katikati ya hizo mbili, inayopitisha ujumbe; kuna MongoDB, hifadhidata inayohifadhi mechi; na kurasa zenyewe zimeandikwa kwa TypeScript, lugha nyingine. Nikipata toleo sahihi la Java ya kuendeshea Scala, Node ya kujengea kurasa inakataa. Nikirekebisha Node, MongoDB haiwaki. (Mwenye mashine ya zamani aandike kwanza `grep avx /proc/cpuinfo`. Isipoonyesha chochote, MongoDB kuanzia toleo la 5 haitafanya kazi kwake.)

Kilichonitoa hapo ni lila-docker, ripozitori (hazina ya msimbo) ya watu wa Lichess wenyewe. Kila huduma hukaa ndani ya kontena lake, yaani sanduku linalojitegemea linaloendeshwa na programu ya Docker, pamoja na matoleo yale yale inayoyahitaji, na Ubuntu yangu haiguswi. Unavuta ripozitori, unaandika `./lila-docker start`, inakuuliza huduma za ziada unazotaka na kama ijaze hifadhidata kwa watumiaji na mechi za majaribio. Upakuaji ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo niliufanya kwa waifai ya rafiki yangu kule Milimani.

Kazi ilikuwa memori. Laptopu yangu ina GB 8. Kontena la lila liliwaka, likakompaili (likageuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kwa dakika nyingi, kisha likazima bila neno. Nikaliwasha tena, likazima tena. `docker compose ps -a` ikanionyesha namba 137, na namba hiyo ndiyo iliyoniokoa: ni 128 kujumlisha 9, na 9 ndiyo ishara ambayo kerneli, kiini cha Linux, hutuma kuua mchakato pale memori inapokwisha. Basi msimbo haukuwa na kosa. Kompaila ya Scala ilikuwa inakula memori yote huku nimeacha kivinjari wazi na kurasa ishirini. Nilifanya mambo mawili. Nilitengeneza faili la swapu la GB 8, yaani nafasi ya diski inayosaidia memori (`fallocate`, `chmod 600`, `mkswap`, `swapon`, kwa mpangilio huo), kisha nikaanza upya bila huduma ya utafutaji na bila uchambuzi wa Stockfish, injini ya sataranji. Nikafunga kivinjari, nikakaa nikitazama `docker compose logs -f lila`. Ilichukua muda mrefu, lakini safari hii ilimaliza. Nikafungua `localhost:8080` na ubao ule ule ninaoujua ukaja. Nilimwita mke wangu aje aone.

Siku iliyofuata stima ilipotea katikati ya kazi na betri yangu haikai. Iliporudi, mechi zote zilikuwepo, kwa sababu data ya MongoDB iko kwenye volyumu, nje ya kontena. Hasara niliisababisha mwenyewe jioni ile: niliandika `docker compose down -v`, na hiyo `-v` hufuta volyumu. Ukitaka kupumzisha mashine tu, tumia `stop`.

Jumamosi tuliijaribu kwa simu. Mpwa wangu aliandika anwani ya laptopu kwenye simu yake, ukurasa ukafunguka vizuri, lakini mchezo haukuanza.

"Mjomba, mbona inasema inaunganisha tu?"

Hili lilinichukua saa nzima. Ukurasa ukishafunguka, husoma kwenye mipangilio ya seva anwani ya kuunganisha websoketi, njia inayobaki wazi kati ya simu na seva. Mipangilio yangu ilisema `localhost:8080`, na kwa simu yake `localhost` ni simu yenyewe, si laptopu yangu. Ilikuwa inajipigia simu. Dawa ni `./lila-docker hostname`: unachagua anwani ya laptopu kwenye mtandao wa nyumbani, kisha unawasha upya.

Tukaweka mechi ya dakika 5 na nyongeza ya sekunde 3. Ruta haikuwa na bando hata la shilingi kumi, na watoto wawili walicheza Lichess simu kwa simu, saa zikihesabu sawasawa. Nikawaonyesha njia ya hatua moja: inatoka kwenye simu, inapokelewa na lila-ws, inapita Redis, lila inaihakiki kwa maktaba ya scalachess, kisha inarudi njia ile ile hadi simu ya pili. Tulifungua kumbukumbu za seva kwenye skrini, na kila mara mmoja alipocheza wenzake walikuwa wanakodolea mistari kuona nini kimeongezeka.

Kimebaki Kiswahili. Vitufe vingine bado ni Kiingereza. Tafsiri za Lichess huingizwa kupitia Crowdin, tovuti ya kutafsiria programu, hazibadilishwi moja kwa moja kwenye msimbo, lakini kwenye nakala yangu naweza kujaribu neno kwanza nione kama linaenea kwenye skrini ya simu ndogo. Nimeanza orodha, ina maneno kumi na moja.

Na msichana mmoja wa miaka 13 ameuliza ni mstari gani wa msimbo unaomkataza mfalme kuvuka mraba unaoshambuliwa anapohama pamoja na ngome. Sijui Scala ya kutosha kumjibu papo hapo. Jumamosi ijayo tutaifungua scalachess pamoja, tuutafute.