Nilivyojifunza Kula Fungu Langu la Mboga za Majira ya Baridi

Nilipojiunga kwa mara ya kwanza na shamba la kilimo hai ambalo wanachama wake huwalipa wakulima kabla ya msimu kuanza, kisha hupokea fungu la mavuno yanapopatikana, miezi ya joto ilipita bila kunisumbua, kwa kuwa nyanya na matango huliwa hata pasipo kuwasha moto. Mambo yalibadilika siku zilipoanza kuwa fupi. Kila baada ya wiki mbili nilipokea kikapu kilichojaa karoti, bitiruti zenye udongo, tanipu, vichwa viwili vya kabichi, liki, boga zima, na mzizi wa selari, ambao ni kitu kikubwa chenye vinundu na vijizizi vilivyosokotana ambacho sikuwahi kukishika kabla ya hapo. Kufikia katikati ya majira hayo nilikuwa nimekwisha kutupa kwenye mboji karoti nyingi zilizonywea na karibu kabichi nzima, na jambo hilo liliniuma, kwa sababu nilijua kuwa kuna watu walioinama kwenye udongo wa baridi ili mboga hizo zinifikie.

Kilichonifungua macho ni siku moja niliyokwenda kusaidia kuvuna. Nilipomwambia mkulima kuhusu karoti zangu, alinieleza kwamba mboga ya mizizi haifi inapong'olewa. Huendelea kupumua, ikitumia sukari iliyojiwekea na kupoteza maji yake, na kwamba kazi ya anayeihifadhi ni kuilaza usingizi, yaani kupunguza upumuaji huo kwa baridi na kuzuia isikauke kwa unyevu. Nilirudi nyumbani nikiwa na jukumu jipya kabisa, kwa maana hadi siku ile nilikuwa nikiwaza mapishi tu.

Tangu hapo, siku ya kikapu nimeitenga kwa ajili ya kupanga mboga, na sipiki chochote kabla sijamaliza. Kwanza hukata majani ya karoti na bitiruti karibu na kichwa cha mzizi, kwa sababu yakiachwa huendelea kufyonza maji kutoka kwenye mzizi hadi ukalegea kama kamba. Majani ya bitiruti hayaendi kwenye mboji, bali hukaangwa jioni ile ile, kwani hayadumu. Mizizi siioshi. Udongo uliokauka juu yake haudhuru, ilhali maji ya kuoshea huleta uozo. Kisha huipanga ndani ya sanduku la mbao, safu kwa safu, pamoja na mchanga wenye unyevu kidogo, katika stoo isiyo na joto ambamo hali hukaribia nyuzi 0 bila kufika kwenye kuganda. Asiye na stoo ya namna hiyo anaweza kutumia mfuko uliotobolewa matundu machache katika sehemu ya chini ya friji, na karoti zikakaa kwa wiki nyingi.

Kosa langu kubwa zaidi la mwaka wa kwanza lilikuwa kuweka kila kitu mahali pamoja. Boga halipendi baridi kali wala unyevu; hutaka chumba kikavu chenye nyuzi 10 hadi 15, nalo hudumu zaidi kikonyo chake kikiachwa bila kuvunjwa. Vitunguu vinataka pakavu na penye hewa, viazi vinataka giza ili visigeuke kijani, na viwili hivyo havifai kukaa kikapu kimoja. Tufaha nililolisahau kando ya karoti lilizitia uchungu, kwa kuwa matunda hayo hutoa gesi ya ethilini ambayo huzifanya karoti zitengeneze kemikali chungu. Nilikuwa nimemlaumu mkulima kimoyomoyo kwa karoti zile, na bado najuta.

Baada ya uhifadhi kukaa sawa, ndipo nilipoanza kuonja kwa makini, na ladha ya majira ya baridi ikanishangaza. Sukuma wiki iliyopigwa na jalidi, yaani umande ulioganda, ni tamu kuliko ile ya miezi ya joto, na sababu yake inapendeza: mmea unapohisi baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kwa kuwa maji yenye sukari hayagandi upesi, na hivyo seli zake husalimika. Karoti hufanya vivyo hivyo ardhini. Utamu tunaoufurahia mezani ni kinga ambayo mmea ulijitengenezea usiku wa baridi, nami tangu nilipolijua hilo siharakishi kuficha ladha hiyo kwa viungo vingi.

Kwa mizizi, njia ninayoitegemea ni oveni yenye moto wa nyuzi 200. Hukata vipande vinavyolingana, huvipaka mafuta na chumvi, kisha huvitandaza kwenye sinia bila kuvibananisha, maana vikibanana hutokwa na mvuke na kuchemka badala ya kuokwa. Bitiruti huziweka kando zisitie wekundu kila kitu. Mzizi wa selari nilioogopa humenywa kwa kisu, tena kwa kukata ganda nene bila huruma, na vipande vyake hutumbukizwa kwenye maji yenye ndimu ili visiwe vyeusi. Ukichemshwa pamoja na viazi na kupondwa, huleta harufu tulivu ambayo viazi peke yake havina. Siku hizi ndio ninaoutafuta kwanza ninapofungua kikapu.

Kabichi ndiyo iliyobaki kuwa mzigo, kwani vichwa viwili kila baada ya wiki mbili ni vingi kwa nyumba ndogo. Suluhisho lilikuwa kuichachusha. Kwa kila kilo 1 ya kabichi iliyokatwa nyembamba hutia gramu 20 za chumvi, huikanda kwa mikono hadi itoe maji yake yenyewe, kisha huishindilia kwenye chupa ya kioo hadi maji hayo yaifunike kabisa, maana jani linalobaki juu ya maji huota ukungu. Katika nyuzi 18 hadi 22, bakteria waliomo kwenye kabichi yenyewe hutengeneza asidi ya laktiki, ule uchachu unaoizuia isioze, na baada ya wiki tatu au nne chupa huhamia kwenye friji.

Mwaka jana jalidi ilikuja mapema na mboga za majani zikawa chache mno. Mwanachama hulipia msimu mzima, wala halipii kilo, hivyo hasara ya shamba ni yake pia. Utaratibu huu, ambao ulienea Japani katika miaka ya 1970 kwa jina la teikei na kuanza Marekani mwaka 1986 katika mashamba mawili ya Massachusetts na New Hampshire, umejengwa juu ya makubaliano hayo hayo, nami nayaona ni ya haki kwa sababu mkulima hakuachwa peke yake na baridi ile. Tulikula mizizi zaidi, na sanduku la mchanga lilitutosha.

Nilipolifukua mara ya mwisho, siku zikiwa zimeanza kurefuka, nilikuta karoti moja iliyosahaulika pembeni, imara bado, na juu ya kichwa chake palikuwa pamechipua majani madogo ya rangi ya manjano. Niliipangusa mchanga, nikaimenya, nikaila mbichi pale pale stoo.