Kuuzunguka Etna kwa treni, kuufuata mpaka wa divai

Treni ya Circumetnea imekuwa ikiuzunguka mlima Etna, kisiwani Sicilia, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Nilipandia Riposto, mji wa bandari, nikakaa upande wa kushoto ili mlima usinipotee machoni. Mkononi nilikuwa na ramani ya eneo la DOC, yaani ardhi ambayo divai yake sheria ya Italia inairuhusu kuitwa Etna. Umbo lake ni la mwezi mwandamo: linaanzia kaskazini, linashuka mashariki, linapinda kusini na kukomea kusini-magharibi. Magharibi kote ni wazi, na hicho ndicho kilichonitoa kwangu.

Sheria hiyo ya mwaka 1968 inagusa manispaa 20. Mojawapo ni Mascali, mji uliofunikwa na lava mwaka 1928 ukajengwa upya. Kutoka hapo treni huanza kupanda. Huko juu kushoto ni Milo, ambako mawingu ya bahari ya Ionia hugonga mlima na kumwaga mvua nyingi. Divai nyeupe ya Etna ya daraja la Superiore haiwezi kutoka manispaa nyingine yoyote ila hiyo.

Nilishuka Passopisciaro, upande wa kaskazini. Hapa mizabibu ni mifupi, kila mmoja umefungwa kwenye nguzo yake ya mchestnati, na matuta yameshikwa na kuta za mawe meusi yaliyopangwa bila saruji. Mzee mmoja aliyekuwa akipogoa alinipeleka hadi ukingo wa shamba lake. Mbele yetu palilala ulimi wa lava ya zamani, umeota vichaka vya maua ya njano. Akachota udongo wa upande wake: mweusi, laini, unapita vidoleni. Tukavuka. Ng'ambo ya pili mkono ulikutana na kokoto tupu. Hizo ni contrada mbili tofauti, yaani vipande vya ardhi vyenye majina yao, na tangu 2011 majina ya contrada, 133 kwa kuanzia, yanaruhusiwa kuandikwa kwenye chupa za Etna. Lava ya kale imeshaoza ikawa udongo, ile changa bado ni mwamba, na mzabibu unaijua tofauti hiyo. Mara nyingi karani aliyechora mipaka alikuta mlima umeshaichora.

Mpaka wa juu ndio ulionisumbua. Mzee alininyooshea kidole mashamba yaliyo juu zaidi, yanayokaribia na kupita mita 1,000. Aina ya zabibu ni ileile, Nerello Mascalese, na kuta ni zilezile, lakini kule nje ya mstari divai huuzwa kwa jina pana zaidi la Terre Siciliane, yaani ardhi za Sicilia. Kwa joto hili linaloongezeka, wakulima wanazidi kutafuta baridi ya juu. Mimi naona mstari huo unastahili kujadiliwa upya, na mapema.

Randazzo nilibadilisha treni. Kabla tu ya kuufikia mji huo, reli inapita juu ya lava ya Machi 1981, iliyokata njia hii na kumeza mashamba ya mizabibu. Hadi leo ni weusi mtupu. Kisha ukaja Maletto wa stroberi, ukaja Bronte wa pistachio, na DOC ikawa imekoma. Mlima wenyewe huzuia unyevu wa bahari usifike huku, na mpistachio huota katika nyufa za lava kwa maji kidogo sana. Waliochora mpaka waliheshimu hali ya hewa, lakini pia walifuata kile ambacho wakulima walikuwa wamekichagua tangu zamani. Kwangu hiyo ni busara, maana jina la divai lisilo na wakulima nyuma yake halina uzito.

Biancavilla, kusini-magharibi, mizabibu inarudi kati ya michungwa na mipungate, na ramani inakubali tena. Anayetaka kuyaona haya asipange Jumapili, treni hazitembei siku hiyo.