Poti ya mama sio ya kuchomwa na sindano yoyote

Mama alirudi toka India na poti kifuani, kidude kama kifungo kikubwa cha koti kimekaa chini ya ngozi, mrija wake unaingia kwenye mshipa mkubwa hadi karibu na moyo. Mishipa ya mikono ilishachoka na kemo, dawa za saratani za kuingizwa mshipani, kila kanula inavimba, kwahiyo tulishukuru sana.

Sasa mwezi uliopita nikampeleka zahanati ya hapa hapa Tabata akasafishwe poti, yaani isukumiwe maji ya chumvi isizibe, nesi akaja na sindano ya kawaida na bomba la 5 ml, nikamwambia sista samahani subiri kwanza. Poti inataka sindano ya Huber, ile ncha yake imepinda haimegi mpira wa juu, ya kawaida inaumega kidogo kidogo mpaka unavuja. Na bomba liwe la 10 ml kwenda juu, maana dogo linasukuma kwa presha kubwa na mrija unaweza kupasuka ndani kwa ndani. Hakukasirika, akasema hajawahi kuona poti, tukaondoka kwa amani.

Pale anapotibiwa wanavuta damu kwanza. Isiporudi hakiingizwi kitu, hasa kemo, maana ile dawa nyekundu, doxorubicin, ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama kabisa yaani. Halafu maji ya chumvi yanasukumwa kidogo, unasimama, unasukuma tena, na klipu ya kwenye kamrija ka sindano inafungwa huku bado unasukuma ili damu isirudi ikagandia kwenye mrija.

Kinachonikosesha usingizi ni wadudu kuingia. Ngozi ikishapakwa dawa iachwe ikauke yenyewe, najua joto letu hili mtu anaona apepee na karatasi au apulize, jamani msipulize! Na mgonjwa akitetemeka baridi baada ya poti kutumika, au homa ikafika 38, ni hospitali usiku huo huo sio panadol na kulala. Mkono au shingo ya upande wa poti ikivimba, ni hospitali hivyo hivyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Mama alidhani kemo ikiisha na kusafisha kunaisha. Hapana mama, sisi tumeambiwa kila wiki nne mpaka siku itakapotolewa. Nimeweka alamu kwenye simu, na kadi ya poti iko kwenye pochi yake pamoja na sindano mbili za Huber ambazo hazijafunguliwa.