Makala za meno zinazorejelewa sana: nyingi ni za vipimo

Ukizipanga makala za tiba ya meno kwa wingi wa kurejelewa, usishangae kukuta vipimo vimeutangulia ugunduzi. Mfano mzuri ni makala ya watafiti Löe na Silness ya 1963, na ya Silness na Löe ya 1964, zote mbili katika jarida la Acta Odontologica Scandinavica. Mada yake ni ugonjwa wa fizi kwa wajawazito, lakini wengi wanaozirejelea hawana habari na ujauzito. Wanachofuata ni alama za 0 hadi 3: makala ya kwanza inapima hali ya fizi, ya pili inapima ukoga, yaani utando wa uchafu unaoganda kwenye meno.

Kwa ukoga, 0 ni jino safi. 1 ni utando usioonekana mpaka upitishe kifaa kwenye ukingo wa fizi, 2 unaonekana kwa macho, 3 umejaa tele. Alama za pande nne za jino hujumlishwa, kisha zikagawanywa kwa 4. Anayejaribu dawa mpya ya kusukutua akitumia kipimo hiki, hana budi kuitaja makala.

Hapo ndipo hesabu ya marejeo huvurugika. Majina ni yaleyale, yamepinduliwa tu, na miaka imepishana kwa mmoja, kwa hiyo ni rahisi kipimo cha ukoga kupewa makala ya fizi. Tena Löe huandikwa Loe, na rejeo lenye kasoro likabaki pembeni bila kuhesabiwa. Kwenye Web of Science, hifadhidata ya makala za kisayansi na marejeo yake, tumia utafutaji wa marejeo yaliyotajwa: weka mwandishi wa kwanza, jarida na mwaka, kagua kila tahajia, ndipo ujumlishe. Usichanganye na namba za Google Scholar, maana nayo huhesabu hata tasnifu na vitabu. Andika pia tarehe uliyotafuta, kwani namba hupanda.

Namba ndogo nayo hudanganya. Mwaka 1955 mtafiti wa meno Buonocore alionyesha kwamba asidi ya fosforasi ya 85% ikipakwa sekunde 30 kwenye enameli (tabaka gumu la nje la jino), resini, yaani plastiki ya kuzibia meno, hushika vizuri zaidi. Mbinu hiyo ikaingia vitabuni, na anayeandika leo kuhusu kuziba meno anaweza kuitumia bila kumtaja.

Kwa hiyo, kabla ya kuiita makala yoyote "yenye ushawishi", fungua kama 30 kati ya zinazoirejelea uone imetajwa wapi. Ikitajwa kwenye mbinu tu, ni chombo. Ikijadiliwa kwenye matokeo na mjadala, hoja yake bado inafanya kazi.