Kama unaogopa, shuka na Pura

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Gideoni, Waamuzi sura ya 6 na ya 7, na kuna mstari nimeupita miaka yote bila kuuona.

Ngano inapurwa mahali pa wazi ili upepo upeperushe makapi, sasa Gideoni yeye yuko ndani ya shinikizo la zabibu, humo hakuna upepo, vumbi lote linamrudia usoni, maana miaka 7 Wamidiani wamekuwa wakija wanasomba kila kitu. Hapo hapo alipojificha ndo malaika anamwita "Ee shujaa". Na jibu lake tunalijua maana ndo letu, ukoo wetu maskini, mimi mdogo nyumbani kwa baba, sijasoma, watanionaje.

Huwa tunahubiri kama vile hofu iliishia hapo. Soma vizuri mpendwa. Madhabahu ya Baali aliibomoa usiku, na watumishi 10, kwa kuogopa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Akaomba ishara ya ngozi mara mbili. Jeshi lilikuwa 32,000, Mungu akasema anayeogopa arudi, wakarudi 22,000, kumbe kiongozi aliyebaki naye bado anaogopa! Maana usiku ule, 7:10, Mungu anamwambia kama unaogopa kushuka kambini, nenda na Pura mtumishi wako. Mstari wa 11, akashuka na Pura. Yaani hofu ilikuwepo bado. Hapo nilifunga Biblia nikalia. Mungu hakumgombeza, alimpa mtu wa kushuka naye gizani.

Nasema haya kwa sababu jumuiyani kwetu nimekwepa zamu ya kuongoza neno karibu miaka mitatu. Nilikuwa nakaa karibu na mlango, daftari la zamu likitolewa tu natoka nje kama nimepigiwa simu, nikijiambia nasubiri Mungu aniondolee woga kwanza. Mama mmoja anayeuza maandazi mtaani kwetu akaniona, wala hakunihubiria, akasema mwanangu siku yako mi nitakaa pembeni yako, ukikwama naanzisha pambio. Basi nikasimama. Karatasi ililowa jasho mpaka wino ukaenea, mstari wa pili ukawa hausomeki, nikakwama kweli, na yeye akaanzisha pambio kama alivyosema, watu wakapiga makofi, nikapata pumzi nikaendelea mpaka mwisho. Woga ulikuwepo toka salamu hadi amina, ila neno lilitoka.

Na huko chini Gideoni alisikia nini? Askari wa adui anasimulia ndoto, mkate wa shayiri umebiringika mpaka kambini ukaangusha hema, na mwenzake anajibu huo si kitu kingine ila upanga wa Gideoni. Wale aliokuwa anawaogopa, nao walikuwa wanamuogopa yeye! Hili asingelisikia kule juu. Akasujudu pale pale, halafu ndo akarudi kuwaamsha wale 300, ndo waliobaki baada ya Mungu kupunguza jeshi tena.

Alhamisi hii zamu ni yangu tena. Tumbo limeshaanza toka jana, naomba mnikumbuke kwenye maombi. Mama nimeshamwambia anipitie saa kumi na nusu tuende wote.